Feni ya Nyuma

Kwako Kaka,

Shikamoo. Nimeanza na hiyo mapema kwa sababu najua ukiona mwandiko wangu utasema huyu Chiriku hana adabu, anamwandikia mkubwa wake kama anamwandikia shoga yake. U hali gani? Kifua kimepona? Mara ya mwisho tulipozungumza ulikuwa unakohoa kama mtu aliyepaliwa na unga, ukaniambia ni vumbi la ghalani tu, nami nikajifanya nimeamini. Na unakula? Usinijibu "nakula", niambie unakula nini na nani anapika. Sisi huku tu wazima. Mimi nimenenepa mashavu, usinicheke tukionana. Baba naye yupo, ila magoti yanamsumbua, akiinuka kitini yanalia mpaka jirani anasikia.

Usikunje uso. Nimemtaja na nitamtaja tena, karatasi hii imejaa yeye. Ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu nikisema tu "baba", ghafla mtandao wa kwako unasumbua, au kuna mtu anakuita, au chaji inakwisha. Miaka minane chaji yako inakwisha kwenye neno hilohilo. Barua unaweza kuikunja ukaitia mfukoni, lakini itakungoja, na mimi nakujua, huwezi kupata usingizi na barua ambayo hujaimaliza.

Nikupe kwanza habari za kazi. Bado niko kwa yule fundi wa kompyuta tunayemwita Polepole, maana hajawahi kumaliza sentensi kabla chai yake haijapoa. Amenipa meza yangu mwenyewe karibu na dirisha. Mwanzoni nilikuwa nafuta vumbi na kushika tochi. Siku hizi mtu akija kutaka kompyuta ya kuchezea gemu, Polepole anamwelekeza kwangu kwa kidevu. Wengine wakiona ni msichana wanageuka kumtazama yeye tena, naye anawaelekeza kwa kidevu mara ya pili. Wanazoea.

Miezi miwili iliyopita alikuja dereva wa malori ya masafa marefu. Alitaka kompyuta ya gemu yenye nguvu, lakini ikae ndani ya kichwa cha lori, kwenye nafasi iliyoko kati ya siti na kile kitanda chake cha kulalia. Alikuwa ameipima nafasi hiyo kwa kamba ya kiatu, akaja na kamba yenyewe ina mafundo mawili. Nikailaza kwenye rula, sentimita ishirini na mbili. Nilimwuliza kwa nini asichezee simu tu kama watu wengine. Akasema ana binti wa miaka tisa anayelelewa na bibi yake. Binti huyo anapenda gemu moja la kujenga nyumba na kufuga wanyama, na wakiwa wote wawili ndani ya gemu hilo mtoto huwa anasahau kwamba baba yuko mbali. Kwenye simu anaweza kuingia, lakini hawezi kujenga chochote, anakuwa mtu wa kusimama tu na kutazama. Alitaka jioni akiegesha lori aingie, amkute mwanawe, wajenge pamoja. Aliyasema hayo akiitazama ile kamba, si mimi.

Kaka, nilikumbuka kile kiti. Sisi wawili kwenye kiti kimoja kwa sababu cha pili kilivunjika mguu, wewe umeshika kipanya na kibodi, mimi nimepewa kitufe kimoja tu, cha kuruka. Niliamini bila mimi hupiti popote. Nilikuwa naruka kabla ya wakati, tunatumbukia shimoni, nawe unasema si kosa langu, shimo limesogea. Hamu niliyo nayo na wewe sijui niieleze vipi. Kuna wakati niko kazini nasikia mtu anacheka mlangoni nainua kichwa haraka, halafu namwona ni mteja, nainama tena.

Sasa shida ya kompyuta ndogo ni joto. Najua unajua, lakini niache nikueleze kifundi, maana nimengoja muda mrefu kukufundisha wewe kitu. Kasha kubwa lina nafasi, hewa inaingia mbele, inatembea, inatoka nyuma, na ukikosea kidogo linakustahimilia. Kasha dogo halina subira hiyo. Prosesa, ule ubongo wake, iko upande mmoja wa bodi, kadi ya picha upande wa pili, zimepeana migongo, pawa saplai ya kugawa umeme imezibana kwa mbele, na nyaya zimejazwa katika kila upenyo. Kila kimoja kinatema joto na kila kimoja kinataka hewa ya baridi. Mimi kwa ujuaji wangu nikasema dawa ya joto ni upepo. Nikafunga feni tatu, mbili chini na moja juu, zote zinavuta hewa kuingia ndani. Nikawasha gemu zito, nikakaa pembeni najisifu. Baada ya dakika kumi kadi ya picha ilikuwa imefika nyuzi tisini na moja. Nikazigeuza zote zitoe nje. Ikashuka hadi themanini na nane, lakini kasha likaanza kunyonya vumbi kupitia kila tundu la skrubu, na ndani ya lori lingekufa kabla mwezi haujaisha. Polepole alipita, akatazama, akanywa chai, akasema "Moto," akaenda zake.

Nikazirudisha zivute kama mwanzo, nikaibeba nyumbani ndani ya mkoba. Sikukusudia kumwonyesha baba. Tangu siku ile kabla hujaondoka hajagusa kompyuta ya mtu. Hata yangu nikiiweka mezani huwa anahamishia kikombe chake upande wa pili. Lakini ilikuwa alasiri ya siku ya mapumziko, mimi nachora mishale kwenye karatasi, nafuta, nachora tena, naye anajifanya anasoma gazeti la wiki iliyopita. Mwisho uvumilivu ukamshinda. Akaniuliza hewa yangu inaingilia wapi. Nikamwonyesha. Akauliza inatokea wapi. Nikatafuta mshale wa kutokea kwenye karatasi, haupo. Akasema yeye kwa miaka thelathini amefunga mabomba ya hewa kwenye majengo ya watu, na jengo lenye milango mitatu ya kuingilia bila hata mmoja wa kutokea linaitwa tanuri.

Unajua, sisi tulikua tunamwona anarudi jioni na mikwaruzo ya mabati mikononi, tukawa tunawaambia watoto wenzetu kwamba baba ni fundi bati. Hatukuwahi kumwuliza bati lile lilikuwa la nini. Kumbe alikuwa anaamua hewa ya jengo zima ipite wapi, na sisi ndani ya nyumba moja naye hatuna habari.

Basi tukaanza. Alisema hewa ya moto yenyewe inataka kupanda, kwa hiyo usishindane nayo. Feni mbili za chini zivute, ya juu itoe. Alisema kasha lisikae chini kabisa, feni iliyozibwa mdomo haivuti kitu, tukalitia miguu minne ya mpira ya sentimita mbili na nusu. Kisha akanipa habari ya chumba cha upasuaji alichowahi kukifungia mabomba. Kule wanaingiza hewa nyingi kidogo kuliko ile wanayoitoa, ili mlango ukifunguliwa hewa itoke, vumbi la korido lisiingie. Na lori lina vumbi kuliko korido yoyote. Tukaziacha feni za chini zizunguke kwa kasi kuliko ya juu, tukazifunika kwa wavu mwembamba unaochomoka, dereva awe anauosha.

Joto likapungua, lakini prosesa ilikuwa bado inavuta hewa ya moto iliyotemwa na kadi ya picha. Baba akakata kipande cha boksi la viatu, akakikunja kwa kidole gumba, akakisimamisha katikati kama ukuta, kila mmoja akapata njia yake. Baadaye nilikibadilisha nikaweka cha plastiki, ila kipimo ni cha baba. Kila tulipobadilisha kitu alikijaribu kwa kipande cha tishu. Anakishika kwa ncha za vidole, anakipitisha taratibu ukingoni mwa kasha, anatazama kinainamia wapi. Vidole vyenyewe unavijua vilivyo vinene. Alinichekesha, lakini sikucheka.

Jioni ya sita tulifika nyuzi sabini na tatu, gemu zito limewashwa saa nzima. Baba akasema "Hm," akaenda kuchemsha chai. Kwa baba hivyo ni vigelegele.

Dereva alikuja kuichukua wiki iliyofuata. Tuliijaribu palepale dukani. Alimpigia bibi amwambie mtoto aingie kwenye gemu, akavaa hedifoni, akangoja. Pale kwenye skrini kikatokea kijitu kidogo kimesimama mbele ya nyumba ya mbao, kinarukaruka. Yule bwana, mabega kama kabati, akawa anasema chini chini kwamba yupo, anamwona, na je, ukuta ule ameujenga mwenyewe? Mimi nikainama kutafuta skrubu chini ya meza. Hakukuwa na skrubu yoyote iliyoanguka. Nilikaa huko chini mpaka Polepole akaniuliza kama ninahamia.

Kaka, kuna jambo nimeliruka. Nimekupitisha katika habari za feni na lori na chai ili nipate ujasiri, na sasa karatasi inakaribia kuisha, lazima niseme.

Ilikuwa jioni ya tatu. Nilikuwa nimeishika ile feni ya juu, tayari kuifunga, baba akanyoosha mkono akaichukua. Akaigeuza, akatazama ule upande wenye vijiti vinne vinavyoshika kitovu, ambako ndiko upepo hutokea. Akachukua kalamu ya wino mzito akachora mshale ubavuni. Kisha akasema bila kunitazama:

"Safari hii tutie alama, usije ukaifunga kinyume kama ile ya kaka yako."

Moyo ulinilipuka. Kwa sababu ni kweli, Kaka. Feni yako ya nyuma niliifunga mimi.

Siku ya fainali yenu ya mashindano ya gemu, asubuhi ulipotoka kwenda kuazima hedifoni, niliingia chumbani kwako. Wiki nzima ulikuwa unalalamika kwamba mashine imejaa vumbi na huna nafasi ya kuisafisha, nami nikataka kukufurahisha. Nilifungua kasha, nikaitoa ile feni ya nyuma, skrubu nne, nikaisugua kila pangaboi lake kwa mswaki wangu wa zamani mpaka ikang'aa. Nikairudisha kinyume. Ya mbele ilikuwa inavuta kuingia ndani, na ya nyuma nayo ikawa inavuta kuingia ndani, joto lote likafungiwa humo na prosesa yako. Sikukuambia kwa sababu nilitaka ushinde kwanza, ndipo nije nijisifu kwamba ni mimi niliyesafisha.

Kompyuta yako ilizimika mara tatu katikati ya mchezo. Mara ya tatu mlikuwa mmebaki wawili tu wa timu yenu wa kumaliza kazi, na ile timu kubwa iliyokuwa inawatazama ikachukua watu wengine. Unakumbuka ulivyotoka chumbani. Baba alikuwa amesema wiki ileile kwamba mashine hiyo ataikomesha siku moja, na mchana huo wewe ulikuwa umemkuta chini ya meza yako na bisibisi mkononi. Ulimwambia maneno ambayo sitayaandika. Aliingia, akafungua kasha, akachungulia kwa muda, akalifunga. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Ukasema kimya chake ndilo jibu, na kulipokucha ulikuwa umeshaondoka.

Bisibisi ile ilikuwa ya soketi. Soketi ya ukutani ilikuwa imelegea, akaogopa umeme usije ukakatika ukiwa katikati ya fainali. Hilo baba aliniambia jioni hiyo ya tatu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na mimi pia niliamini ni baba. Nilimnunia mwaka mzima, unajua ninavyoweza kununa. Nilikuja kujua chuoni, wiki ya pili, mwalimu alipoinua feni juu akatuonyesha upande wa kuingilia na upande wa kutokea. Niliomba ruhusa, nikatoka nje, sikurudi tena darasani siku ile. Ni miaka mitano sasa. Miaka mitano napokea simu zako, nacheka nawe, na kila ukiaga naapa kwamba ukipiga tena nitasema. Niliogopa. Nilikuwa nimeona ulivyoachana na baba bila kugeuka nyuma, nikajua ukiamua unaweza. Wanasema kwa mwoga huenda kicheko. Kwangu hakijafika.

Jioni ile nilimwuliza baba amejua tangu lini. Akasema tangu alipofungua kasha. Mtu wa mabomba ya hewa atakosaje kuona feni iliyogeuzwa? Na alipoinua kichwa aliniona mlangoni, ule mswaki mweusi kwa vumbi bado nimeuchomeka mfukoni. Nikamwuliza basi kwa nini alinyamaza akakubali kubebeshwa. Akavuta feni ya pili karibu yake.

"Mama yenu alikuwa hajatimiza mwaka tangu atutoke," akasema. "Ulikuwa umebakiwa na kaka yako tu wa kukufanya ucheke. Nikuondolee na huyo?"

Akaniambia alidhani hasira za kijana kwa baba yake ni za wiki mbili, tatu. Utapoa, utarudi, atakueleza taratibu nawe utacheka. Wiki zikawa miezi, na baadaye hakujua tena aanzie wapi. Alikuwa anazungumza huku anachora mshale kwenye feni ile ya pili.

Miaka yote hii jina lako halitaji. Lakini kila nikimaliza kuongea nawe kwenye simu huja kusimama mlangoni pa jikoni, akaniuliza huko hali ya hewa ikoje. Kuna mvua? Baridi imeanza? Zamani nilidhani anauliza kwa mazoea ya kazi. Namjibu kuhusu mvua, anaitikia kwa kichwa, anarudi kitini. Juzi ulipokohoa nilimwambia, na usiku ule sikumsikia akikoroma.

Amenikataza kukuandikia haya. Alisema yamepita, na kwamba yeye mmoja kukupoteza inatosha. Hii ni mara ya kwanza namvunjia neno lake. Mimi ndiye niliyekukosesha fainali, mimi ndiye niliyekukosesha baba, na nikanyamaza nikiwa mtu mzima mwenye akili zake. Naomba radhi, Kaka. Sikuombi uwe umenisamehe ukifika mwisho wa mstari huu. Nikasirikie. Ukitaka kuninyamazia miaka minane nami nitaihesabu, ni yangu kwa haki, yeye ameshanibebea vya kutosha. Kukukosa wewe kutaniua, nakwambia ukweli, lakini nimemwona mtu akikukosa kila siku bila kosa, siwezi kuendelea kumtazama.

Ila yeye mpigie. Kuanzia saa mbili asubuhi mimi ninakuwa kazini, nyumbani yuko peke yake, hakuna atakayewasikia mkisemezana wala mkilia. Simu huiweka mfuko wa shati, kifuani, anaitika haraka. Akijua ni wewe hatasema neno kwanza. Mngoje.

Nisalimie wenzako wote wa ghalani, na yule anayekulazimisha kunywa dawa ya kifua mwambie namshukuru, aendelee kukulazimisha. Jirani yetu anakusalimu sana na anauliza kama umeota ndevu. Polepole naye anakusalimu, ingawa hakujui. Alinikuta naandika, akauliza ni kwa nani, nikamwambia ni kwa kaka yangu, akaweka kikombe chini akaniambia nimalize, wateja watangoja.

Nakutakia afya na usingizi mzuri.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Chiriku